Wati za stika zilinila Sh9,500: Kabla hujanunua wufa, soma hii

NIKUULIZE swali moja, na unijibu kwa ukweli. Ile wufa iliyo kwako kwa keja, uliinunua kwa sababu uliisikia ikiimba ukaipenda, ama kwa sababu stika yake ilikuwa na wati elfu kumi na taa za rangirangi?

Usione haya. Mimi nilinaswa hivyo hivyo, tena siku ambayo sikufaa kukosea.

Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili baada ya karo kunilemea. Kwetu Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay, watu walikuwa wameanza kuniangalia kwa jicho lile la "huyu sasa atafanya nini". Halafu mama akapiga simu. Mwaka mmoja ulikuwa unakaribia tangu tumzike babu, na familia ilitaka kumkumbuka. Babu alikuwa jathum, mpiga nyatiti. Katika maisha yake yote alirekodiwa mara moja tu, kwenye kaseti, na mjomba aliyekuwa na redio ya kubeba.

"Wewe ndiwe mtu wa vifaa," mama akaniambia. "Hiyo kaseti ilie siku hiyo, watu wamsikie."

Basi nikajipanga. Nikachukua akiba yangu, Sh9,500, nikaingia duka moja mjini Migori. Muuzaji akaweka wimbo wa kisasa, kaunta ikatetemeka, nami nikatoa pesa. Usiku ule, chumbani kwangu mtaa wa Oruba, nikaunganisha wufa na redio-kaseti niliyoazima kwa jirani. Nikabonyeza.

Kilichotoka ni "dum, dum, dum" na mvumo wa "mmmmm" usiokoma. Babu alisikika kama mtu anayezungumza ndani ya pipa. Neno hata moja sikulishika. Na zilikuwa zimebaki wiki mbili.

Stika husema kinachouza

Asubuhi nilibeba mzigo wote hadi kwa fundi mmoja wa redio karibu na soko la Migori, mzee aliyeanza kushika soda kabla mimi sijazaliwa. Hakuiwasha. Aliigeuza akasoma nyuma.

"Kijana, hapa mbele wameandika wati ngapi?"

"Elfu kumi, mzee."

"Na hapa nyuma wanasema inakula umeme kiasi gani?"

Nikainama. Wati 60.

Akacheka mpaka akatoa miwani. Hebu fuata hesabu yake, kwa sababu itakuokoa. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13. Umeme wa Kenya ni volti 240. Zidisha: ni wati 3,120. Hicho ndicho kiwango cha juu ambacho tundu moja la ukutani limekusudiwa kutoa. Wufa inayotoa wati elfu kumi mfululizo ingechoma fyuzi kabla wimbo haujafika kiitikio. Pasi ya nguo yenyewe hula wati elfu moja na kitu, na unajua inavyokimbiza tokeni.

Elfu kumi za stika ni kipimo kinachoitwa PMPO, kilele cha kubahatisha cha nukta ya sekunde ambacho kila kiwanda hukikokotoa kitakavyo. Kipimo unachotaka ni RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo. Kama mashine inakula wati 60, haiwezi kutoa 61. Sehemu nyingine inapotea kama joto, kwa hivyo sauti inapata chini ya hapo.

Tena wati si kila kitu. Ukiongeza nguvu maradufu, kutoka wati 20 hadi 40, sauti hupanda desibeli tatu tu, tofauti ndogo kwa sikio. Ili usikie kama imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji karibu wati mara kumi. Spika zenyewe nazo hutofautiana: moja hupewa wati moja ikatoa desibeli 85 ukiwa umbali wa mita moja, nyingine kwa wati hiyo hiyo ikatoa 91. Tofauti hiyo ya desibeli sita ni sawa na kuzidisha nguvu mara nne. Msee anayenunua spika inayopokea vizuri amepata amplifaya kubwa bila kuilipia.

"Babu yako alikuwa na wati ngapi?" fundi akaniuliza.

Sikuwa na jibu.

Sanduku ndilo linaloimba

Alichukua spika tupu, koni na sumaku bila kasha, akaiunganisha na redio. Ilitoa sauti ya chuma, nyembamba, kama simu. Kisha akakata tundu kwenye katoni ya sabuni, saizi ya spika ile ile, akaishikilia hapo. Besi ikatokea. Hakugusa kitufe chochote.

Ni hivi: koni ikisukuma hewa mbele, upande wa nyuma inaivuta. Spika ikiwa wazi, hewa ya mbele inakimbilia nyuma na mawimbi yanafutana, hasa yale mazito ya besi. Kasha linawatenganisha hao wawili. Lile tundu unaloliona kwenye wufa nalo si pambo. Puliza mdomo wa chupa ya soda usikie inavyovuma. Hewa iliyo ndani ina sauti yake ya asili. Tundu na ukubwa wa kasha hupimwa pamoja ili hewa hiyo isaidie besi ya chini. Wakikosea vipimo, kasha linapigia kelele noti moja tu na kumeza zingine. Ndiyo ile "dum" isiyobadilika hata gitaa la besi likipanda na kushuka.

Kasha langu lilikuwa la ubao mwembamba wa maganda. Fundi aliligonga kwa kidole likalia kama debe. Ubao ukitetemeka, unaongeza sauti ambayo mwanamuziki hakuipiga. Yeye hugonga kila kasha kabla ya kununua: likijibu kwa mlio mfupi na mzito, vizuri, likijibu kama mlango wa kabati, achana nalo.

Mababu zetu walijua haya bila umeme. Nyatiti ina nyuzi nane. Uzi peke yake hausukumi hewa ya maana. Ukiufunga kati ya misumari miwili hutausikia ukiwa hatua tano. Kinachoimba ni lile bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Uzi unatikisa ngozi, ngozi inatikisa hewa. Zamani nyuzi zilikuwa za kano za ng'ombe, siku hizi wengi hutumia nailoni ya wavuvi, na wazee watakwambia sauti si ile ile. Jathum huketi kwenye kigoda kifupi, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mti wa ala, njuga mguuni. Mtu mmoja, sauti tatu.

Sasa vuka uende kwa Wakuria, huko Kehancha, bado uko Kaunti ya Migori. Wao wana iritungu, pia ya nyuzi nane, lakini kubwa zaidi, bakuli pana na nyuzi ndefu. Sauti yake ni nzito, ya chini, inakuingia kifuani. Hakuna kitufe cha besi pale. Ni urefu wa uzi na ukubwa wa kasha. Kwa hivyo spika ndogo kama kikombe ikikuahidi besi ya kutikisa mtaa, kumbuka iritungu.

Chumba chako pia ni spika

Hapa ndipo wengi tunapigwa chenga. Chumba changu ni futi kumi kwa kumi, karibu mita tatu kila upande, paa la mabati bila dari, sakafu ya saruji.

Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Kati ya kuta mbili zilizoachana mita tatu, besi ya mitetemo kama 57 kwa sekunde inatoshea sawasawa, inagonga ukuta, inarudi, inajiongeza. Noti hiyo moja inavimba, zingine zinakaa vile zilivyo. Jaribu leo: weka wimbo wenye besi, simama ukutani, halafu tembea hadi katikati ya chumba. Utasikia besi ikipungua, wakati mwingine ikitoweka, na hujagusa rimoti.

Mimi nilikuwa nimeiweka wufa konani, juu ya meza ya mbao. Kona huongeza besi. Meza nayo ikawa ngoma. Juu yake mabati yanarudisha sauti nyembamba kama kioo, maneno yanapandana. Fundi alinipa dawa isiyo na bei: iteremshe wufa sakafuni, isogeze futi mbili kutoka konani, weka kipande cha mpira wa ndala chini ya kila mguu, na zile spika ndogo ziinue zifike usawa wa masikio yako. Pazia zito, godoro, hata nguo zilizotundikwa, zote hunyonya mwangwi. Watu wa studio hununua sponji kwa sababu hiyo hiyo.

Na ekolaiza? Rudisha kila kitu sifuri kwanza. Ukipandisha besi mpaka mwisho unaila ile nguvu kidogo uliyonayo. Amplifaya ikiombwa zaidi ya uwezo wake hukata vilele vya mawimbi, sauti inapasuka, na mpasuko huo ndio huunguza ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Jioni umeme ukishuka, kama hutokea mitaa mingi, mpasuko unakuja mapema zaidi. Ndiyo maana wufa yako inaimba vizuri saa nne asubuhi na kukwaruza saa mbili usiku.

Nyaya, mvumo na kaseti

Ule mvumo wa "mmmmm" je? Umeme wetu hubadilika mara 50 kwa sekunde, na unaweza kuusikia ukipenya ndani ya waya wa sauti. Waya wangu ulikuwa wa bei ya chini, bila kinga ya nyuzi za shaba kuuzunguka, na niliufunga pamoja na waya wa umeme ili pakae nadhifu. Fundi alizitenganisha, akanipa waya wenye kinga, akachomeka wufa na redio kwenye ekstensheni moja. Mvumo ukapungua robo tatu. Angeendelea kuusikia, alisema, angefungua atazame kapasita za umeme kama zimevimba.

Kisha akagundua kitu cha kunichekesha. Kwenye spika moja nilikuwa nimegeuza waya, nyekundu kwa nyeusi. Koni moja ilikuwa inasukuma huku nyenzake ikivuta. Ukifanya hivyo besi hukonda na mwimbaji hana mahali anaposimama, yuko kila upande na hayuko popote. Alipogeuza, sauti ilirudi katikati.

Mwisho akafika kwenye mzizi. Alifungua mlango wa redio-kaseti akanionyesha kile kichwa kinachosoma utepe: kilikuwa kimeganda uchafu wa kahawia. Kaseti ni teknolojia ya 1963. Utepe wake hauzidi milimita nne kwa upana na hupita chini ya sentimita tano kwa sekunde. Vumbi kidogo tu likizuia utepe usigusane na kichwa, sauti nyembamba zote zimekwenda. Alikisugua kwa pamba na spiriti. Halafu akachukua bisibisi ndogo, akageuza skrubu iliyo kando ya kichwa, taratibu, kwa sababu mashine iliyorekodi na inayocheza huwa hazijainama sawa.

Na hapo, kwenye kibanda kile, katikati ya honi za pikipiki, nikasikia "ting". Chuma kwenye mti. Pete ya kidole cha mguu cha babu.

Wufa haikuwa na uwezo wa kuirudisha ile "ting", hata ningelipa Sh90,000. Sauti ikipotea mwanzo wa mnyororo, hakuna spika mbele itakayoizaa tena.

Sikio la dani

Siku mbili kabla ya shughuli nilikuwa Ndhiwa. Nikampigia dani kaseti, yaani bibi yangu, mjane wa babu. Alisikiliza, mkono shavuni. Wimbo ulipokwisha akatikisa kichwa.

"Nyakwara, huyu si yeye. Huyu ni kijana. Babu yako hakuimba juu hivi, wala hakuwa na haraka."

Nilitaka kubisha. Kaseti ilikuwa imeandikwa jina lake, na mwandiko ni wa mjomba. Lakini nikampigia simu fundi. Akauliza swali moja: redio iliyorekodi ilitumia umeme au betri?

Betri. Mjomba alikumbuka hata zilikuwa zinakaribia kufa.

Hiyo ndiyo siri. Betri zikilegea, mota inazunguka polepole wakati wa kurekodi. Ukiicheza baadaye kwa mwendo wa kawaida, kila kitu kinaenda mbio na kupanda juu. Nyuma ya mota nyingi za kaseti kuna kitundu chenye skrubu ya kurekebisha mwendo. Tungeweza kutumia nyatiti yenyewe kama kipimo? Bado inaning'inia ukutani, lakini hapana. Ngozi hulegea kukiwa na unyevu na kukaza jua likiwaka, ndiyo maana wapiga ngoma za ohangla huzianika au kuziota motoni kabla ya kucheza. Na nyuzi hulegea zikiachwa. Kipimo pekee kilichobaki kilikuwa dani.

Nikageuza skrubu kidogo. "Bado." Nikageuza tena. "Sasa amechoka sana, mrudishe." Nikarudisha nywele moja. Dani hakusema kitu. Alianza kuimba pamoja naye.

Siku ya shughuli tulicheza kaseti nje, chini ya hema. Wufa ile ile ya wati 60, imewekwa chini, ekolaiza sifuri. Nje hakuna kuta za kuvimbisha besi, kwa hivyo maneno yalitoka wazi. Wazee walianza kujibu mistari. Hakuna aliyeuliza ni wati ngapi.

Kabla hujatoa pesa yako

Nimekupa hadithi, sasa chukua kazi ya nyumbani. Ukienda dukani, iwe Migori, Rongo, Oyugis au Homa Bay mjini:

Nenda na wimbo wako. Usikubali wa muuzaji. Umechaguliwa kutikisa kaunta. Beba benga unayoijua vizuri, kwa mfano ya D.O. Misiani, yule mzaliwa wa Shirati upande wa pili wa mpaka. Ndani yake kuna besi inayotembea, gitaa la juu linalofukuzana na sauti, na maneno. Ukisikia vyote vitatu kila kimoja mahali pake, mashine ni nzuri. Ukisikia besi peke yake, toka.

Beba faili nzuri. Wimbo wa MP3 wa kilobiti 128 kwa sekunde umetupwa sehemu kubwa ya sauti ili uwe mwepesi. Wa 320 umetupwa kidogo. Ukiubadilisha tena na tena, unatupwa zaidi kila mara.

Soma nyuma ya mashine, si mbele. Tafuta RMS na umeme inaokula.

Gonga kasha. Pandisha sauti mpaka robo tatu, sikiliza kama inapasuka. Kisha ishushe kabisa: mashine nzuri huimba vizuri hata ikinong'ona.

Na uyatunze masikio yako. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 kwa saa zisizozidi 40 kwa wiki, na kila desibeli tatu unazoongeza zinakata muda huo nusu. Sikio halina fundi sokoni.

Jambo la mwisho, na hili ndilo lililonifanya niandike. Kwenu kuna kaseti. Iko kwenye sanduku chini ya kitanda au juu ya kabati, pamoja na picha za zamani. Joto na unyevu vinaila kila mwaka. Safisha kichwa cha redio kwanza, usiicheze kwenye mashine usiyoijua, irekodi kwenye kompyuta kwa faili isiyobanwa ya WAV, na ukiituma kwenye WhatsApp ya familia itume kama dokumenti ili isikamuliwe njiani. Halafu mwite yule anayeikumbuka sauti hiyo, aketi, akwambie kama mwendo uko sawa.

Usingoje. Kaseti inaweza kuvumilia miaka michache zaidi. Yule wa kukwambia "huyu si yeye" huenda asivumilie.